Ubunifu Huanzia kwa Mshika Jembe

Kata ya Endagikot na kata ya Kainam zote zimo katika Halmashauri ya Mji wa Mbulu, mkoani Manyara. Mwenyeji wa Endagikot akitaka kumwonyesha mgeni jambo la kujivunia katika nchi hii ya Wairaqw, ampeleke kwenye miteremko ya Kainam wakati wa kulima. Ataona matuta yaliyolala kukata mteremko, maji ya mvua yasipate njia ya kukimbia na udongo. Ataona majani na magugu yakifukiwa chini ya tuta yaoze, samadi ikibebwa kutoka zizini hadi shambani, na ng'ombe wakilishwa nyumbani ili samadi isipotee porini. Chini mabondeni penye unyevu ataona mifereji, viazi vitamu na malisho. Hakuna bwana shamba aliyeuleta mfumo huo. Wajerumani waliukuta, Waingereza wakaukuta, na leo bado unalisha watu.

Naanza na shamba kwa kuwa shamba ni mahali pa kazi, sawa na wodi, karakana, ofisi ya kata au shule ya sekondari. Swali ninalotaka kulichambua linahusu sehemu zote hizo: ni nini kinachomfanya mtu akiwa kazini aone njia mpya, athubutu kuijaribu, na wenzake waipokee? Mwaka 1950 J. P. Guilford, aliyekuwa rais wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, aliwalaumu wenzake kwamba walikuwa wameandika kidogo mno kuhusu ubunifu. Tangu hapo utafiti umekuwa mwingi. Huku kwetu, hata hivyo, majibu tunayoyasikia vikaoni na vijiweni ni yaleyale manne. Ubunifu huletwa na shida. Ubunifu ni kipaji. Ubunifu hufundishwa semina. Ubunifu hununuliwa kwa zawadi. Kila jibu lina ukweli wake, na kila moja likiachwa lisimame peke yake hupotosha.

Lugha yenyewe inatuonya. Kubuni kwa Kiswahili ni kutunga jambo lisilokuwepo, lakini pia ni kuzusha. Tukisema "hizo habari ni za kubuni" tunamaanisha uongo. Kazini, anayeleta wazo jipya hupewa majina haraka: mjuaji, kimbelembele, anajipendekeza kwa bosi. Kwa hiyo kabla wazo halijapimwa, mwenye wazo ameshapimwa. Jambo hili nitalirudia, maana ndipo penye kiini cha uchambuzi huu.

Je, shida huzaa maarifa?

Kwa muda mrefu kilimo cha Kainam kilielezwa hivi: Wairaqw walizingirwa na wafugaji wenye nguvu, wakiwemo Wamasai, wakabanwa juu ya milima, na kwa kukosa pa kwenda wakalazimika kubuni kilimo cha kutunza kila kipande cha ardhi. Maelezo hayo yanavutia kwa sababu ni mepesi. Mwaka 2004 Lowe Börjeson wa Chuo Kikuu cha Stockholm aliyachunguza katika tasnifu yake juu ya nyanda za juu za Mbulu, na hakuridhika nayo. Alichokiona ni kazi ya kidogo kidogo ya kila msimu, ambayo kila hatua yake iliifanya ardhi iwe bora na kumpa mtu sababu ya kuendelea kuiboresha. Tuta la mwaka huu lilifanya tuta la mwakani liwe na maana. Kuzingirwa peke yake hakutoshi kueleza ustadi huo.

Saikolojia nayo inatia shaka sifa tunazoipa shida. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kwenye jarida la Science, wakulima 464 wa miwa huko Tamil Nadu, India, walipewa majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, wakiwa wamekaukiwa, na tena baada ya mavuno, wakiwa na fedha mkononi. Mkulima yuleyule alifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno. Akili yake haikuwa imepungua. Ilikuwa imejaa hesabu za deni, ada na chakula, ikakosa nafasi.

Hilo lina maana kubwa kwa mwajiri wa Mbulu au Hanang. Shida humwonyesha mtu tatizo, hilo ni kweli. Lakini muuguzi aliyeunganisha zamu mbili, au mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa na ada za wanawe zinadaiwa, ana nafasi ndogo sana ya kufikiri njia mpya. Kiongozi anayesema "waache wabanwe, watabuni tu" anakausha kisima anachotaka kuchota.

Je, ni kipaji cha wachache?

Wahenga walishajibu: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Teresa Amabile, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1983 kwamba ubunifu unahitaji vitu vitatu vikutane: ujuzi wa kazi yenyewe, mazoea ya kufikiri bila kukimbilia jibu la kwanza, na hamu inayotoka ndani, yaani mtu kuipenda kazi au kuguswa na tatizo lake. Baadaye akasisitiza cha nne, mazingira ya kazi, kwa kuwa ndiyo huvilisha au huviua hivyo vitatu.

Tazama mfano wa jirani. Dkt. Askwar Hilonga alizaliwa kijiji cha Gongali, Karatu, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Alikua akijua maji machafu hufanya nini katika nyumba ya mwanakijiji. Akasoma uhandisi wa kemikali hadi shahada ya uzamivu nchini Korea Kusini, akabobea katika nanoteknolojia, kisha akarudi Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela jijini Arusha. Huko alitengeneza chujio linalounganisha mchanga wa kawaida na vitu vya kinano, likiweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, pamoja na floraidi inayoharibu meno ya watu wengi ukanda wetu. Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, ambayo Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza ilikuwa ikiitoa kwa mara ya kwanza, yenye thamani ya pauni 25,000. Kampuni yake aliipa jina la kijiji chake.

Ukisema Hilonga ana kipaji hukosei, lakini hujaeleza kitu. Ujuzi aliupata darasani na maabara kwa miaka mingi. Hamu aliitoa Gongali. Nafasi ya kujaribu na kukosea aliipata kwenye taasisi iliyomruhusu. Ondoa kimojawapo, na kijana wa Gongali angebaki kuwa mtu mwenye wazo zuri ambaye hakuna aliyewahi kumsikia.

Swali lililochekwa

Ni wangapi walibaki hivyo? Tuna hadithi moja ya Kitanzania iliyonusurika kwa bahati. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo kuyaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania, akayaweka yakiwa bado moto. Yake yakaganda kabla ya ya mwenzake. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na swali lake likageuzwa kichekesho cha darasa. Halafu Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akauliza mbele ya wote, wenzake wakaona aibu kwa niaba yake. Osborne naye alilipeleka swali maabara. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja, na leo wanafizikia duniani huliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, ingawa mpaka sasa wanabishana lini hutokea na kwa nini.

Nimeusimulia mkasa huu kwa kirefu kwa sababu unaonyesha mahali hasa ubunifu unapofia. Mpemba alikuwa na jicho, na alikuwa na ukaidi wa kuuliza mara tatu. Wengi wetu huuliza mara moja. Tukichekwa, tunanyamaza mpaka kustaafu.

Amy Edmondson wa Harvard alilikuta jambo hili hospitalini bila kulitafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipima timu za wauguzi akitarajia kwamba timu zenye ushirikiano mzuri zingekuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikatoka kinyume: timu bora ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi. Alipochunguza akaelewa kwamba timu hizo hazikuwa zikikosea zaidi. Zilikuwa zikisema. Katika timu nyingine makosa yalifichwa kwa kuogopa msimamizi. Mwaka 1999 aliiandikia makala hali hiyo ya watu kuamini kwamba hawataaibishwa wakiuliza, wakikiri kosa au wakipinga. Sisi tunaweza kuiita kwa maneno mepesi: usalama wa kusema.

Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo la Wazungu na kwamba sisi tuna heshima zetu. Sikubaliani nao. Shikamoo haijawahi kumzuia kijana kusema. Kinachomzuia ni mkubwa anayeichukua shikamoo kama cheti cha kutokosea. Mwenye kujiamini humjibu kijana "marahaba, haya tueleze," na heshima yake inabaki palepale. Kuuliza si ujinga, tumefundishana hivyo tangu utotoni; tatizo ni kwamba tukipata vyeo tunalisahau.

Haydom na dakika tano za kila wiki

Sasa tuje kwenye semina, dawa tunayoipenda kuliko zote. Hapa ushahidi bora kabisa uko nyumbani. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, ilianza mwaka 1955. Aprili 2010 wakunga wake walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Watafiti, akiwemo daktari Hege Ersdal kutoka Norway, waliwapima kabla na baada. Miezi saba baadaye, wakunga walipojaribiwa kwa mwanasesere, walikuwa wamepanda sana. Lakini wasaidizi wa utafiti waliokaa leba wakiandika kila kilichofanyika kwa watoto halisi hawakuona mabadiliko. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na kila mpanga bajeti za semina angepaswa kuyabandika ukutani. Maarifa yaliingia kichwani, mikono ikabaki na mazoea yake.

Haydom hawakulaumu wakunga. Walibadilisha namna ya kujifunza. Wakateua wakufunzi miongoni mwa wafanyakazi wenyewe, wakaweka mwanasesere karibu na kazi. Mtazame mkunga akifanya mazoezi. Mwanasesere amejazwa maji ya uvuguvugu hadi uzito wake ukaribie wa mtoto. Mkunga anamkausha, anamsugua mgongo, anamweka shingo sawa, kisha anashika ule mfuko wa kupumulishia ambao manesi huuita ambu. Kinyago kikikaa vibaya, hewa inavuja na kifua hakipandi. Anakishika upya, taya likiinuliwa kidogo, na kifua kinapanda. Mwenzake anatazama, wanapokezana. Dakika tatu hadi tano, wawili wawili, kila wiki, na dakika arobaini mara moja kwa mwezi.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 na Estomih Mduma na wenzake yalikuwa haya: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kuzaliwa vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Wakunga walikuwa wakiwasugua na kuwasafisha watoto zaidi, na wachache zaidi wakahitaji ambu. Kutoka hapo ukazaliwa mpango mpana ulioratibiwa na Haydom katika hospitali na vituo vya afya 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mwaka 2025 jarida la tiba la New England lilichapisha kwamba vifo vya akina mama vilipungua kwa asilimia 75 na vya watoto ndani ya saa 24 kwa asilimia 40.

Kisaikolojia, kilichotokea kinaelezeka. Kosa mbele ya mwanasesere halimwui mtu wala halimpi mtu barua ya onyo, kwa hiyo mkunga anaweza kukosea, kucheka na kurudia. Matokeo huonekana papo hapo, maana kifua hupanda au hakipandi. Mkufunzi ni mwenzake wa zamu, si mgeni mwenye posho. Na zoezi ni dogo kiasi kwamba hata siku ya kazi nyingi halikosi nafasi. Haba na haba hujaza kibaba. Wakulima wa Kainam walijenga matuta kwa njia hiyohiyo.

Mwenendo huu haukuwa wa Haydom peke yake. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza kutumia mbinu za Kijapani za kupanga mahali pa kazi, ziitwazo S tano, nazo zikapata Kiswahili chake: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Mfanyakazi anayeanza kwa kupanga kabati la dawa huzoea kujiuliza kwa nini kitu kiko pale kilipo. Swali hilo, likishazoeleka, haliishii kabatini.

Fedha na vikao

Je, zawadi? Mwaka 1962 mwanasaikolojia Sam Glucksberg aliwapa watu fumbo: mshumaa, kiberiti na kiboksi cha pini, wafanye mshumaa usimame ukutani. Jibu ni kumwaga pini, kukipachika kiboksi ukutani na kukifanya kishikio. Walioahidiwa fedha kwa haraka yao walichukua muda mrefu zaidi, maana macho yao yalibanwa kwenye njia waliyoizoea. Pini zilipotolewa nje ya kiboksi na jibu kuwa wazi, wenye ahadi ya fedha ndio waliowahi. Zawadi huharakisha kazi inayojulikana na inaweza kukwamisha ile isiyojulikana. Hili lisigeuzwe kisingizio cha kulipa watu kidogo. Tumeona kwa wakulima wa Tamil Nadu kwamba ukata hula akili. Mlipe mtu haki yake kwa wakati, kisha mwongezee kinachochochea hamu: kazi yenye maana, sauti juu ya namna inavyofanywa, na jina lake kutajwa wazo lake likifanikiwa.

Kuhusu vikao vya "kila mtu atoe mawazo", habari si nzuri. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Yale ya mwaka 1958 yalionyesha kwamba watu wanne wanaofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakikusanywa, huwa na mawazo mengi kuliko wanne waliokaa pamoja. Kikaoni mmoja huongea na wengine hungoja, na wakingoja husahau au huogopa. Tiba yake ni kalamu. Kila mtu aandike kwanza, karatasi zikusanywe bila majina, zisomwe, na mkuu azungumze wa mwisho. Ofisi ya kata ya Endagikot inaweza kufanya hivyo wiki ijayo bila kuomba bajeti.

Ubunifu ulioletwa bila kuuliza

Wilaya ya Hanang inatukumbusha upande wa pili. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, kwa msaada wa Canada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilifungua mashamba makubwa ya ngano nyanda za Basotu, yakafikia takriban ekari 100,000. Mitambo ilikuwa ya kisasa na mbegu zilikuwa bora. Lakini Wabarabaig, waliokuwa wakihamisha mifugo kwa mpangilio kutoka malisho hadi malisho kulingana na majira, walipoteza malisho yao bora. Mtafiti Charles Lane alionyesha kwamba ardhi iliyoitwa tupu ilikuwa ndani ya mfumo wenye akili uliotengenezwa na wenyewe. Mvua zikachimba makorongo kwenye mashamba yaliyoachwa wazi. Wataalamu walikuwa na ujuzi, lakini waliojua tabia ya udongo ule hawakuulizwa.

Basotu na Kainam haziko mbali. Kule kilikuja kitu kipya kikubwa kwa mkupuo, wenye kujua mahali pale wakiwa nje ya chumba cha maamuzi. Huku, mabadiliko madogo yalifanywa na mshika jembe mwenyewe, aliyeona matokeo kila msimu. Haydom ikachukua ujuzi wa kutoka mbali na kuuweka mikononi mwa wakunga wa hapa, ndipo ukazaa. Hukumu yangu inatokana na hizo tatu: ubunifu kazini hustawi pale anayeshika kazi anapokuwa na usalama wa kusema, nafasi ya kujaribu kwa kiasi kidogo, na njia ya kuona matokeo mwenyewe. Shida, kipaji, semina na fedha husaidia zikikuta hayo matatu yapo.

Kwa hiyo wewe unayeongoza shule, zahanati, karakana au ofisi, hapa Mbulu au kwingineko, nakuomba jambo moja. Kesho asubuhi mtafute mtu wa cheo cha chini kabisa mahali pako pa kazi, mfagizi, mlinzi, muuguzi aliyeajiriwa juzi, umuulize ni kitu gani hapa kinafanywa vibaya na yeye angekifanyaje. Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize, na kabla ya wiki kwisha mpe nafasi ajaribu.